Mapitio ya Mpango Kabambe wa Mtwara-Mikindani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mpango wa mji unapofunguliwa upya, kuanzia Magengeni hadi Naliendele. Tumeanza na lile ambalo watu huuliza kwanza, hata kama vitabu vya mipango miji huliweka mwisho.

Kiwanja changu kimepakwa rangi ya kijani kwenye rasimu. Nimeporwa?

Hapana. Rangi kwenye ramani inaonyesha matumizi yanayokusudiwa, haihamishi umiliki. Mwenye hati bado ana hati yake. Mwenye shamba la urithi lisilo na karatasi naye ana haki: Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 1994 kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Serikali ikiihitaji ardhi hiyo kwa shughuli ya umma, lazima ipite njia ya utwaaji, yenye notisi, uthamini na fidia.

Ila rangi hiyo usiidharau. Mpango ukishaidhinishwa, ukienda kuomba kibali cha ujenzi wa nyumba kwenye eneo lililotengwa kuwa la wazi utakataliwa, na aliyekukataa atakuwa na sheria mkononi. Kwa hiyo wakati wa kusema ni sasa, rasimu ikiwa bado rasimu.

Kabla ya kupinga, hakikisha kiwanja chako kipo kweli ndani ya rangi hiyo. Ramani ya mji mzima huchorwa kwa kipimo kidogo, tuseme 1:20,000, ambapo milimita moja ya karatasi ni mita 20 za ardhini. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 ni nukta ya milimita moja tu. Mstari wa kalamu peke yake unaweza kukimeza, kwa hiyo usikubali jibu la kuonyeshwa kwa kidole ukutani. Nenda na nakala ya mchoro wa upimaji wenye namba za mahali (koordineti) za bikoni, yaani alama za mpaka ardhini, umwombe Afisa Mipango Miji azipandishe juu ya rasimu kwenye kompyuta mbele yako.

Kuna kosa moja limeshawatoa watu jasho bure. Upimaji mwingi wa zamani nchini ulitumia mfumo wa kuhesabu mahali uitwao Arc 1960, wakati simu na picha za satelaiti hutumia WGS 84. Usipobadilisha mfumo, kwa hapa kwetu kila kitu kinasogea zaidi ya mita 300, sehemu kubwa ikiwa kuelekea kaskazini au kusini. Nyumba ya Shangani inaonekana imesimama baharini. Uliza: «Hizi namba ziko kwenye mfumo gani, na ramani yenu iko kwenye upi?» Swali hilo moja linamaliza nusu ya ugomvi. Na kama eneo halijapimwa, GPS ya simu hukosea mita tano hadi kumi hata ikiwa imewekwa sawa. Inakutosha kujua uko wapi, haikutoshi kupigania mpaka.

Mpango kabambe unatofautianaje na mchoro wa mipango miji?

Mpango kabambe ni wa mji mzima na ni wa miaka 20. Unasema makazi yawe wapi, viwanda wapi, barabara kuu zipite wapi, mabonde gani yasiguswe. Mchoro wa mipango miji ni wa mtaa au kitongoji, nao ndio unaoonyesha kiwanja kimoja kimoja, shule, msikiti, kichochoro. Mchoro lazima ufuate mpango kabambe. Vyote viwili viko chini ya Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007.

Kama ni wa miaka 20, kwa nini uguswe kabla haujaisha?

Kwa sababu mji haungoji. Utaratibu wa kawaida ni kuupitia kila miaka mitano, na Mtwara ina sababu za kipekee za kutosubiri.

Mji huu ulizaliwa kwa kubashiri jambo moja. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza walileta mradi wa karanga, wakajenga bandari ya maji ya kina na reli ya kwenda Nachingwea, wakachora mji mkubwa wa kuhudumia mavuno ambayo hayakutokea. Mradi ukafa mwaka 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Kata ya Reli imebaki na jina, na mji umebaki na barabara pana na mapengo marefu kati ya Shangani, Ligula na Chikongola. Kila pengo ni bomba la maji na nguzo za umeme zinazopita bila mteja.

Kisha ikaja gesi. Iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, lakini bei za viwanja zilipanda hasa baada ya 2010, na bomba la kwenda Dar es Salaam likakamilika mwaka 2015. Wengi walionunua na kupima mashamba kwa matarajio ya viwanda bado wanangoja. Sasa yapo mengine: gati jipya la bandari, makaa ya mawe kutoka Ruvuma, hospitali ya kanda pale Mitengo, na mazungumzo ya reli mpya hadi Mbamba Bay.

Mapitio mazuri hayachagui bashiri moja. Yanachora hali tatu: mji ukikua polepole, ukikua kama sasa, na ukikua kwa kishindo. Yanayofaa kwenye hali zote tatu, kama kulinda mabonde na kutenga njia za barabara kuu, yanafanywa mwanzoni. Yanayotegemea kiwanda fulani kuja yanawekewa sharti: eneo halipimwi viwanja mpaka mwekezaji aonekane.

Kazi yenyewe inaanzia wapi?

Inapaswa kuanzia kwenye mpango wa zamani, siyo kwenye karatasi nyeupe. Hapa ndipo mapitio mengi yanapoharibika: mshauri elekezi analeta ramani mpya inayopendeza, hakuna aliyeuliza ile ya mwanzo ilivunjwa wapi na kwa nini. Matokeo yake makosa yaleyale yanachorwa tena kwa rangi nzuri zaidi.

Namna ya kufanya ni hii. Chukua kila eneo lililopangwa kwa ajili ya umma, yaani shule, soko, makaburi, uwanja wa michezo, hifadhi ya barabara, bonde. Yaandike kwenye jedwali moja. Weka picha ya satelaiti ya mwaka mpango ulipopitishwa, kisha ya sasa, juu ya mipaka ileile. Gawa majibu matatu: limefanyika, halijaguswa, limevamiwa. Halafu yale yaliyovamiwa yatembelewe kwa miguu pamoja na mwenyekiti wa mtaa, kwa sababu satelaiti inaona bati, haioni historia. Mara nyingi utakuta aliyejenga ana karatasi aliyopewa na ofisi. Mara nyingine utakuta eneo la shule lilichorwa kwenye mkondo wa maji, na watu walijenga pembeni yake kwa akili zao nzuri. Hayo ni magonjwa mawili tofauti na dawa zake ni mbili.

Droni inasaidia kupata picha kali, lakini inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kiwanja cha ndege kiko karibu mno na mji kuchezea jambo hilo. Ombi la kibali liende miezi kadhaa kabla.

Nani anahusika?

Halmashauri ya Manispaa ndiyo mamlaka ya upangaji. Baraza la Madiwani linapitisha azimio la kuanza na baadaye linapitisha rasimu, kupitia kamati yake ya mipango miji na mazingira. Wizara ya Ardhi inaidhinisha. Halafu wapo wanaomiliki vipande vya mji bila kuwa Manispaa: TANROADS na TARURA kwa barabara, Mamlaka ya Bandari, mamlaka ya maji, TANESCO, TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) kwa mikoko, Bodi ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini kwa vyanzo vya maji, Hifadhi ya Bahari ya Mnazi Bay na Maingilio ya Ruvuma. Hawa waletwe mezani mwezi wa kwanza na wadaiwe ramani zao kwa maandishi. Wakiletwa mwishoni, kila mmoja anakuja na mstari wake na rasimu inarudi mwanzo.

Mnajuaje ardhi kiasi gani itahitajika?

Kwa hesabu ambayo mwananchi yeyote anaweza kuikagua. Sensa ya 2012 iliikuta Manispaa na watu 108,299, ya 2022 ikakuta zaidi ya 146,000. Hiyo ni kasi ya karibu asilimia 3 kwa mwaka. Ikiendelea hivyo, baada ya miaka 20 watu watakuwa kama 264,000, yaani nyongeza ya 118,000. Ukichukua watu wanne kwa kaya, unahitaji nyumba mpya 29,500.

Sasa angalia ukubwa wa kiwanja unavyofanya kazi. Kila kaya ikipewa mita za mraba 400, viwanja peke yake ni hekta 1,180. Ukiacha asilimia 40 ya ardhi kwa barabara, shule, masoko na maeneo ya wazi, jumla inafika hekta 1,967. Kiwanja kikiwa mita za mraba 250, jumla inashuka hadi hekta 1,229. Tofauti ni hekta 738 za mikorosho na minazi ambazo hazikatwi, na kilomita nyingi za bomba ambazo hazichimbwi. Manispaa nzima ina kilomita za mraba 163 hivi, na ndani yake mna mabonde, mikoko na bandari.

Wanaotaka viwanja vikubwa wana hoja: watu wanataka bustani, kuku, nafasi ya kumjengea mtoto. Sisi tunaona viwanja vidogo vilivyopangwa vizuri karibu na huduma vinawafaa wengi zaidi kuliko vikubwa vilivyo kilomita nane kutoka sokoni, ambako nauli ya bodaboda inakula mshahara. Lakini uamuzi huo ni wa wananchi, na ndiyo sababu hesabu iwekwe hadharani, isifungiwe kwenye kiambatisho.

Mtaani kwetu mitaro ipo. Mbona maji yanajaa?

Swali hili lina majibu mawili, na mpango usioyajua yote mawili utajenga mtaro mwingine wa kufurika.

La kwanza ni juu, kunakotoka maji. Chukua bonde dogo la hekta 20 na mvua kubwa ya milimita 60 kwa saa. Eneo likiwa mashamba na mchanga, karibu asilimia 30 ya mvua hutiririka na iliyobaki hunywewa na ardhi: mtaro unapokea mita moja ya ujazo kwa sekunde. Eneo hilohilo likijaa mabati na sakafu za zege, inayotiririka inafika asilimia 70, na mtaro uleule unapokea mita 2.3 za ujazo kwa sekunde. Mtaro haukupungua, mji ndio umeongezeka. Kwa hiyo kila eneo jipya la makazi lazima lichorwe pamoja na njia yake ya maji hadi baharini, na upana wa mtaro ukokotolewe kwa mji utakaokuwepo mwaka wa 20, siyo wa leo.

La pili ni chini, kunakoishia maji. Wakati wa bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida, tofauti ya maji kujaa na kupwa katika pwani hii hupita mita 3, na bamvua hujaa kwenye saa kumi alasiri na saa kumi alfajiri hivi. Mvua kubwa ikinyesha saa tisa mchana siku ya mbalamwezi, mdomo wa kalavati uko chini ya bahari. Maji ya mtaa hayana pa kwenda, yanarudi nyuma yakitafuta sebule iliyo chini kuliko zote. Tembelea mdomo wowote wa mtaro ufukweni bamvua ikiwa imejaa: ukiona maji ya chumvi yanaingia ndani na mchanga umefunika nusu ya tundu, umeupata ugonjwa.

Dawa zipo tatu na huenda pamoja: kupandisha mdomo wa mtaro pale mteremko unaporuhusu, kuweka mlango wa bawaba ambao bahari yenyewe huufunga ikijaa na maji ya mvua huusukuma ikipwa, na kuacha bwawa au bonde wazi juu yake la kuyashikilia maji kwa saa tatu au nne mpaka bahari ishuke. Hilo bonde wazi ndilo kwa kawaida huonekana «halina kazi» na kugawiwa viwanja. Lina kazi. Mtwara ina msimu mmoja wa mvua, Novemba au Desemba hadi Aprili. Anayelikagua Agosti ataapa ni kavu tangu enzi. Ukaguzi wa mabonde ufanyike Januari hadi Machi, na alama za kimo cha maji kwenye kuta za nyumba zipigwe picha.

Mita 60 kutoka baharini zinapimwa kuanzia wapi?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Tatizo ni kwamba ufukwe unahama. Ukipima kutoka maji yanapokupwa, mita 60 zote zinaweza kuishia kwenye mchanga unaofunikwa kila siku, na kinga inakuwa haipo. Mapitio yaweke mstari mmoja wa maji ya bamvua, upimwe na mpima, uwekewe alama ardhini na uchapishwe na namba zake. Bila mstari huo kila mwenye hoteli na kila ofisa atakuwa na kamba yake.

Na penye mikoko mstari uanzie nyuma ya mikoko. Mikoko ni hifadhi ya misitu, haigawiwi na mtaa wala na mtu.

Je, mpango unatazama vimbunga na bahari kupanda?

Usipotazama, urudishwe. Lindi ilipigwa na kimbunga Aprili 1952. Aprili 2019 watu wa Mtwara waliambiwa waondoke pwani kwa ajili ya Kenneth, kikatua upande wa pili, Cabo Delgado. Mei 2024 mvua za Hidaya zilikata barabara ya Lindi na Dar es Salaam, na siku hizo kila mtu hapa alielewa maana ya mji kuwa na barabara moja ya lami kuelekea kaskazini. Bahari nayo, kwa wastani wa dunia, ilipanda karibu milimita 3.7 kwa mwaka kati ya 2006 na 2018.

Kinachodaiwa kwenye rasimu ni vitu vya kushikika: ramani ya maeneo yaliyo chini ya mita 5 kutoka usawa wa bahari, shule au majengo imara yaliyo juu zaidi yatakayokuwa mahali pa kukimbilia, na njia za kufika huko kwa miguu, na marufuku ya kuweka zahanati, kituo cha zimamoto au jenereta ya mamlaka ya maji ndani ya ukanda huo wa chini.

Visima vyetu vimeanza kuwa na chumvi. Hilo nalo ni la mpango?

Ndiyo. Maji baridi karibu na pwani huelea juu ya maji ya chumvi. Kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inabeba takriban mita 40 chini yake, kwa hiyo ukivuta kwa pampu mpaka kimo kishuke nusu mita, chumvi inapanda kama mita 20. Mpango unaorundika mahoteli yenye visima virefu kwenye ufukwe unatia chumvi visima vya majirani. Tena penye miamba ya matumbawe, maji ya chooni husafiri haraka kwenye matundu ya mwamba; ile desturi ya kuacha mita 30 kati ya choo na kisima haitoshi huko. Maeneo hayo yapewe maji ya bomba na vyoo vya karo lisilovuja kabla ya kuongezewa nyumba.

Sisi wavuvi tunapataje nafasi kwenye ramani?

Kwa kuandikwa kwa jina. Diko, yaani mahali vyombo vya uvuvi vinapofikia pwani, lisipoandikwa linahesabika kama ufukwe mtupu, na ufukwe mtupu huchorwa hoteli. Kila diko liorodheshwe: idadi ya vyombo wakati wa kaskazi na wakati wa kusi, mahali pa kupandisha mashua, pa kuanika dagaa, pa kuuzia, kisima, choo, na njia ya kufika barabarani. Njia ya kwenda pwani iwe na upana uliotajwa kwa mita na bikoni zake, maana vichochoro vya pwani huzibwa ukuta mmoja kwa mwaka mpaka kinabaki kimoja. Msangamkuu na kivuko chake vihesabiwe kama sehemu ya mji. Watu wanavuka kila siku kufuata soko, shule na hospitali.

Na mikutano ifuate maji. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, kina mama wako miambani wakitafuta pweza na chaza. Ukiitisha mkutano asubuhi hiyo utapata wanaume wachache na mwenyekiti, halafu muhtasari utasema «wananchi waliridhia». Itisheni siku za maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo, mwezi ukiwa na siku saba na nane au ishirini na moja na ishirini na mbili. Epukeni Ijumaa mchana, jioni za Ramadhani, na Oktoba hadi Desemba kwa mitaa ya pembezoni inayookota korosho.

Mikindani itabomolewa?

Haipaswi, na watu wa Mikindani waseme hivyo kwa maandishi. Mji ule ni mkongwe kuliko Mtwara. Livingstone aliondokea hapo mwaka 1866 na Boma la Wajerumani ni la 1895. Rasimu itaje mpaka wa mji mkongwe, urefu wa mwisho wa majengo, na namna ya kukarabati. Kuta za mawe ya matumbawe zilijengwa kwa chokaa. Ukizipiga lipu ya saruji, unyevu unanaswa ndani, chumvi inasukuma, na ukuta unaanza kumeguka kwa ndani huku nje ukiwa bado unang'aa. Kibali cha ukarabati kidai chokaa.

Malori ya bandarini yataendelea kupita katikati ya mji?

Inategemea njia itakayotengwa sasa. Korosho, saruji na makaa ya mawe yote yanaelekea gati moja. Bandari ya Kisiwa Mgao, nje ya mipaka ya Manispaa, imekusudiwa kubeba shehena chafu kama makaa ya mawe na saruji, kwa hiyo rasimu ilinganishe mizigo ikiwa na bandari hiyo na ikiwa bila hiyo. Njia ya mchepuko ikiachwa itengwe baadaye, itakuwa imeshajengwa nyumba.

Nyumba yangu ina alama ya X. Ina uhusiano na mapitio?

Kwa kawaida hapana, ni ya hifadhi ya barabara kuu au ya mkoa. Zamani hifadhi ilikuwa mita 22.5 kila upande kutoka katikati ya barabara. Sheria ya Barabara ya 2007 iliipeleka hadi mita 30. X nyekundu ni kwa aliye ndani ya 22.5. X ya kijani ni kwa aliye kwenye zile 7.5 za nyongeza: huyo anastahili fidia ardhi yake itakapochukuliwa.

Nikitakiwa kuhama, fidia ina nini ndani yake?

Thamani ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, posho ya makazi ambayo ni kodi ya mwezi mara miezi 36, usafiri wa mzigo wa tani 12 kwa umbali usiozidi kilomita 20, na hasara ya faida kwa mwenye biashara. Ardhi isiyokaliwa haipati posho ya makazi, ya usafiri wala hasara ya faida.

Siku ya uthamini uwepo mwenyewe. Hesabu miti pamoja na mthamini, na uitenganishe: mkorosho unaozaa hauna thamani sawa na mche. Usisaini fomu yenye nafasi tupu, na ipige picha kabla haijaondoka mkononi mwako. Kwa Sheria ya Uthamini ya 2016, fidia isipolipwa ndani ya miezi sita tangu Mthamini Mkuu aidhinishe, inaanza kudai riba. Ikipita miaka miwili, uthamini umekufa na lazima urudiwe kwa bei mpya. Waliokaa kimya wamelipwa kwa bei ya zamani. Weka tarehe ukutani.

Kijiji chetu kinaingizwa mjini. Tunapoteza mashamba?

Kutangazwa kuwa eneo la mipango hakufuti haki ya aliyepo. Kinachobadilika ni nani anapanga: serikali ya kijiji inaondoka, Manispaa inaingia. Hatari iko kwenye miezi ya katikati, madalali wanapopita kununua ekari kwa bei ya shamba wakijua kesho ni viwanja. Mkutano mkuu wa kijiji uandike muhtasari wa mipaka ya mashamba, njia, makaburi na vyanzo vya maji kabla ya makabidhiano, nakala ibaki kwa watu zaidi ya watatu.

Nitoeje maoni ili yasikike?

Kwa maandishi, ndani ya muda uliotajwa kwenye tangazo, na kuhusu jambo moja kwa karatasi moja. Maneno kama «hatuutaki mpango huu» hayana pa kuwekwa. Linganisha na haya:

«Rasimu, karatasi ya Ufukoni, inaonyesha makazi mahali ambapo maji ya mvua hupita kila Februari. Tumeambatisha picha tatu zenye tarehe na majina ya kaya kumi na mbili zilizoingiliwa na maji. Tunaomba eneo hilo, upana wa mita 40 kutoka mtaro hadi barabara, libadilishwe kuwa njia ya maji. Tunapendekeza viwanja hivyo vihamishiwe upande wa mwinuko.»

Hapo kuna mahali, kosa, ushahidi, ombi na mbadala. Mtaalamu atalazimika kulijibu. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, ubaki nayo. Kisha dai jedwali la majibu: kila oni, limekubaliwa au limekataliwa, na sababu. Rasimu inayokwenda kwa madiwani bila jedwali hilo haijawasikiliza watu, hata kama picha za mikutano ni nyingi.

Ukishapitishwa, unaweza kubadilishwa kimyakimya?

Haupaswi. Kubadili matumizi ya kiwanja kunahitaji maombi, tangazo na kibali. Ukiona eneo la wazi la mtaa limezungushiwa mabati, uliza ofisi ya mtaa namba ya kibali na tarehe ya tangazo. Kama havipo, andika barua kwa Mkurugenzi wiki hiyohiyo, kabla ya msingi. Kuzuia msingi ni barua moja, kuondoa ghorofa ni kesi ya miaka.

Mapitio huchukua muda gani?

Yakienda vizuri, mwaka mmoja hadi miaka miwili. Hukwama kwenye fedha za picha na upimaji, kwenye taasisi zisizotoa ramani zao, na kwenye tathmini ya mazingira ya kimkakati inayokumbukwa mwishoni badala ya kwenda sambamba na rasimu.

Rasimu naiona wapi?

Ofisi ya mipango miji ya Manispaa, na nakala ya kila kata kwa mtendaji wa kata. Omba karatasi ya kata yako, siyo ramani ya mji mzima. Ukiambiwa ni siri, mjulishe diwani wako: rasimu ya mpango kabambe huwekwa wazi ili ikaguliwe, na tangazo lake hutaja mahali na siku za kuiona. Nenda na mtu anayejua mtaa wenu kabla haujajengwa, kwa kawaida mzee, mwonyeshe bonde liko wapi, mumsikilize atakachosema kuhusu maji.